Chungu cha Ugenini na Daftari la Nyumbani



Wazee wetu walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Msafiri naye huona mengi kwa siku chache, lakini aghalabu huenda kutazama ya watu, wala hafikiri kwamba huenda akarejea ameonyeshwa ya kwake. Haya ninayokueleza yamenifika mimi mwenyewe, na lau si manufaa ninayotaraji uyapate, ningeyaficha.

Nilikwenda Korea Kusini kumtazama mwanangu aliyeko huko kwa masomo. Hiyo ndiyo sababu niliyowaambia watu. Ya pili sikumwambia mtu: nilikwenda kumpeleleza. Kwani mtaani nilikuwa nikisikia maneno. Nchi ile nguruwe ni kitoweo cha kila siku, na ulevi wao uitwao soju huwekwa mezani kama sisi tuwekavyo jagi la maji. Mtu mmoja akaniuliza msikitini, baada ya sala ya laasiri, "Na mwanao huko ala nini?" Sikuwa na la kumjibu, na lile swali likanikaa moyoni kama mwiba. Basi mama yake akajaza sanduku tende, visheti na achari, nami nikajaza moyo wangu dhana, tukafunga safari, mimi na sanduku langu.

Siku ya Ijumaa alinipeleka Msikiti Mkuu wa Seoul, ulio juu ya kilima katika mtaa wa Itaewon. Ulifunguliwa mwaka 1976, katika kiwanja kilichotolewa na serikali ya nchi hiyo, na nchi za Kiislamu zikachangia ujenzi. Uislamu wa zama hizi uliota huko kwa mikono ya askari wa Kituruki waliokwenda katika vita vya 1950 hadi 1953, kwani maimamu wao ndio waliowafunza Wakorea wa mwanzo kusilimu. Lakini habari za nchi ile zilikuwa zimewafikia Waislamu zamani sana. Ibn Khurdadhbih, aliyeandika katika karne ya 9 juu ya njia na miji ya ulimwengu, aliitaja kwa jina la Sila.

Pembezoni mwa msikiti kuna mabucha ya halali na hoteli za Waturuki na Wapakistani. Pale mwenye njaa hana haja ya kuuliza. Nami ningeridhika kula pale mpaka siku ya kuondoka. Mwanangu akasema, "Baba, hii ni Korea ya wageni. Twende ukaione ya wenyewe. Kila mji hapa una chakula chake, na watu hupanda gari la moshi kwa ajili ya sahani moja tu." Nikasema moyoni: vyema, sasa ndipo nitakapomjua.

Msomaji wangu, kabla hatujatoka alinionyesha karatasi ndogo, imekunjwa mpaka mikunjo yake imekatika. Ilikuwa imeandikwa kwa Kikorea. Akanifasiria: hatuli nguruwe wala mafuta yake; hatuli nyama isiyochinjwa kwa sharia yetu; hatuli kilichotiwa ulevi wakati wa kupika. Akanieleza kwamba la kwanza ni jepesi kuliona, na mawili yaliyobaki hujificha. Wapishi wengi hutia pombe ya mchele ili kuondoa shombo ya samaki. Baadhi ya viwanda hutia alkoholi katika mchuzi wa soya ili usiharibike. Supu inayoonekana ya mboga huenda ikawa imechemshwa kwa mifupa. Hata kimchi, ile kabichi yao ya pilipili isiyokosekana mezani, huungwa kwa uduvi au samaki wadogo waliovundikwa kwa chumvi; hiyo haina taabu kwetu, lakini hana budi kuuliza ndipo ajue. Siku hizi shirika la utalii la huko limezipanga hoteli kwa daraja, zile zenye cheti cha halali na zile zisizotumia nguruwe, na orodha yake aweza kuiona katika simu. Hata hivyo karatasi yake hakuiacha, kwani vijijini orodha hiyo haifiki.

Mji wa kwanza ulikuwa Jeonju, upande wa kusini-magharibi, kwenye nchi ya mpunga. UNESCO iliutia katika miji yake ya mapishi mwaka 2012. Chakula chake ni bibimbap, maana yake wali wa kuchanganya. Huletwa katika bakuli la shaba: wali chini, na juu yake mboga za kila namna, kila moja imekaa mahali pake kwa rangi yake. Kuna karoti, uyoga, majani kama mchicha, machipukizi ya soya yanayosifiwa sana katika mji ule, na kitu cha manjano kama faluda, ila hiki kimetengenezwa kwa choroko wala hakina sukari. Katikati huwekwa yai, na aghalabu nyama mbichi ya ng'ombe iliyokatwa nyuzi nyuzi, na kijiko cha pilipili nyekundu iliyosagwa na kuvundikwa. Kisha mlaji huchanganya yote kwa nguvu mpaka wali uwe mwekundu.

Mwenye hoteli alikuwa bibi wa makamo ya mama yangu. Mwanangu akainamisha kichwa, akampa karatasi kwa mikono miwili, kama ilivyo adabu yao. Bibi akaisoma, akaisoma tena, akaingia jikoni. Mimi nikaona haya. Nikamwambia mwanangu, "Twamsumbua mwanamke wa watu kwa sahani ya wali." Akanijibu, "Baba, kuuliza kwa adabu si kumtukana mtu. Ukiuliza kwa uso uliokunjamana, hapo ndipo unapotukana."

Bibi akarudi na mtungi. Pilipili aliyokuwa akiwapa watu ilikuwa ya dukani, na hakuwa na yakini nayo. Hii ilikuwa ya kwake: pilipili, unga wa mchele wa kunata, soya iliyovundikwa, kimea cha shayiri na chumvi, ikakaa katika mitungi ya udongo juani miezi mingi, kama mama zetu wanavyoanika achari ya ndimu juu ya sakafu. Wilaya ya Sunchang, iliyo karibu na hapo, inasifika nchi nzima kwa pilipili hiyo. Kisha akatukaangia mayai katika kikaango kingine, na chupa ya mafuta akaileta mezani tuione kwa macho yetu. Nyama akaiacha, na mahali pake akatuongezea uyoga.

Nikala, na wallahi kilikuwa chakula kizuri. Nikashangaa pia kusikia kwamba pilipili, ambayo bila yake hujui kama umekula Korea, haikuwa ya kwao. Asili yake ni Amerika, na kwa kauli iliyoenea iliwafikia mwishoni mwa karne ya 16, kama ilivyotufikia sisi na majahazi ya Wareno. Kumbe hata wanachojivunia watu kuwa ni chao, ni amana iliyopita mikononi mwa wengine.

Lakini msomaji, kitu kimoja kilinichoma. Nilijiuliza: mimi nyumbani niliwahi lini kuuliza swali kama hili? Sisi tukiona kanzu ya mwenye hoteli, tumekwisha kuridhika.

Tukaenda Busan, bandari kubwa ya kusini. Soko lao la samaki, Jagalchi, huendeshwa zaidi na wanawake, na sauti zao zilinikumbusha mnada wa samaki wa kwetu. Upande wa Gijang wanavuna mwani, na supu ya mwani ndiyo anayopewa mwanamke aliyejifungua, kama sisi tumpavyo mzazi uji wa pilipili manga. Na kila mwaka siku ya kuzaliwa mtu hula supu hiyo, nayo humkumbusha mamake alivyotaabika.

Huko nilifanya kosa. Tulipita kichochoro chenye hoteli za supu ya nguruwe, ambayo ni chakula mashuhuri cha mji ule. Nikaziba pua, nikasema kwa sauti maneno ambayo sitayaandika hapa. Mzee mmoja aliyekuwa akila akainua uso akanitazama. Lugha hakuijua, lakini dharau haihitaji mkalimani. Mwanangu hakunikemea, kwani mtoto hamkemei babake. Alipofika mbele akanieleza tu kwamba mwaka 1950, vita vilipoenea, wakimbizi wengi mno walisongamana Busan kutoka kaskazini, hawana kitu. Wa kaskazini walizoea tambi baridi za nafaka iitwayo buckwheat; nafaka hiyo wakaikosa, wakazitengeneza kwa unga wa ngano wa msaada, na mpaka leo tambi hizo, milmyeon, ni chakula cha Busan. "Watu hawa, baba, mapishi yao mengi yalizaliwa na njaa."

Nikanyamaza. Mtume wetu (s.a.w.) hakuwa akitia chakula ila: akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Kilichoharamishwa kwetu tumeamrishwa kukiepuka. Hatukupewa ruhusa ya kumkunjia uso mzee wa watu aliye juu ya bakuli lake.

Kutoka Busan tulipanda pwani ya mashariki mpaka Gangneung. Hapo, katika mtaa wa Chodang, hutengenezwa tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa kama jibini. Kwengine huyagandisha kwa chumvi chumvi za dukani. Wao hutumia maji ya bahari. Husimuliwa kwamba mwanzo wake ni Heo Yeop, mtu wa serikali wa karne ya 16, ambaye lakabu yake ilikuwa hiyo hiyo Chodang. Tulipewa bakuli la tofu laini, nyeupe, haina nyama wala pilipili, na kando kibakuli cha mchuzi wa soya. Mwanangu aliomba chumvi badala ya mchuzi ule. Nikamwona jinsi anavyofanya jambo hilo bila ya makelele, kama mtu anayeweka viatu vyake mlangoni.

Hapo dhana yangu yote ilikuwa imekwisha kufa. Nikajiona nimepumzika, na nikaanza kutunga moyoni jawabu la yule aliyeniuliza msikitini. Sikujua kwamba lililobaki ni langu.

Mji wa mwisho ulikuwa Andong. Uko bara, mbali na bahari, na ajabu yake ni kwamba chakula chake mashuhuri ni samaki. Ni wale jamaa wa vibua vyetu. Zamani, kabla ya magari, walichukuliwa kutoka pwani ya Yeongdeok, wakapitishwa milimani, safari ya zaidi ya siku moja. Chumvi ndiyo iliyowaokoa wasioze. Na watu wa Andong husema kwamba samaki yule, kwa kuchukua muda njiani kabla ya kutiwa chumvi, huzidi utamu. Kazi ya kutia chumvi ina mafundi wake, ambao hukamata chumvi kwa kiganja tu, bila ya mizani, na kila samaki akapata kadiri yake.

Tulikaa sakafuni, tukaletewa samaki aliyebanikwa juu ya makaa, na wali, na vibakuli vya mboga. Mimi ni mfanyabiashara wa samaki, msomaji. Miaka thelathini nimeuza ng'onda na papa mkavu. Harufu ile ikanirudisha dukani kwangu. Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba wafu wa baharini ni halali kwetu. Nikasema kwa furaha, "Karatasi yako leo ipumzike, mwanangu. Samaki na chumvi: hapa hapana shaka yoyote."

Mwanangu hakujibu. Akawa anachambua miba. Kisha akasema, na macho yake yako sahanini, "Baba, nisamehe kwa nitakalosema. Wale ng'onda wa yule mzee wa upande wa Lamu, walilipwa?"

Mkono wangu ukasimama.

Nitakueleza. Mwaka 2003 mvuvi mmoja aliniletea shehena ya ng'onda. Nikamlipa kiasi, nikabaki na deni la shilingi 18,500. Nikamwambia mzigo mwingine umepata maji na nimeuuza kwa hasara, basi asubiri mpaka msimu ujao. Maneno hayo yalikuwa nusu kweli. Alikubali. Msimu ukaja, nikamwambia tena. Kabla ya msimu wa tatu nikasikia amefariki. Nikasema innaa lillaahi wa innaa ilayhi raajiuun, na kweli nilisikitika. Hakuna aliyekuja kudai. Mwaka ukapita, na wa pili, na deni likawa kama msumari uliopakwa rangi juu yake: upo, lakini jicho limekwisha kuuzoea. Katika miaka hiyo nimetoa sadaka, nimefuturisha watu Ramadhani, nimekwenda Umra.

Mwanangu wakati ule alikuwa kijana mdogo, akija dukani baada ya chuo. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, na daftari la madeni alikuwa akiliandika yeye.

Akaendelea, "Niliandika jina lake kwa mkono wangu. Kila ukurasa mpya ulinambia nihamishe madeni, nami nikilihamisha. Siku moja ukanambia lile niliache. Nikaliacha, baba, lakini halikuniacha. Nilipokuja huku peke yangu nikajiambia: sitakula kitu nisichojua kimetoka wapi. Karatasi hii nimeiandika kwa sababu ya daftari lile."

Ndugu msomaji, nimekwisha kupigwa na mawimbi na nimekwisha kuibiwa, lakini sijapata kuumizwa na maneno yaliyosemwa kwa adabu kama yale. Nilivuka bahari kwenda kuchungulia chungu cha mwanangu, kumbe chungu chenye shaka kilikuwa changu, nami ndiye niliyemlisha kutoka humo. Nguo zake za skuli, ada zake, visheti vilivyokuwamo katika sanduku lile: ni shilingi ipi niwezayo kuapa kwamba haikuchanganyika na za yule maiti?

Usiku ule sikulala. Nilikumbuka mafunzo ya Mtume (s.a.w.) juu ya msafiri aliyetimka nywele na kujaa vumbi, anyanyuaye mikono kumwomba Mola wake, ilhali chakula chake ni haramu na nguo yake ni haramu: ataitikiwa vipi? Maisha yangu nilikuwa nikidhani anasemwa mtu mwingine. Na nikakumbuka kwamba hata shahidi aliyekufa katika njia ya Mwenyezi Mungu husamehewa kila kitu isipokuwa deni. Seuze mimi, muuza ng'onda.

Niliporudi nyumbani sikungoja kuulizwa habari za safari. Nikamwendea shekhe wa mtaani, nikamweleza yote. Akasema deni ni la warithi, nilipe lote, wala haki yao haingoji waje kuidai. Nikamwuliza: shilingi ya mwaka ule si shilingi ya leo, nikiongeza itakuwa riba? Akasema nyongeza isiyoshurutishwa, mtu akaitoa kwa radhi yake, ni ihsani, na wema wa kulipa ni katika mwenendo wa Mtume (s.a.w.).

Nikapanda basi, kisha mashua. Mjane wake nilimkuta barazani akisuka ukili. Nikamsalimu, nikajitaja. Akasema, "Nakujua. Marehemu alikutaja kabla hajafa. Alituambia tusikufuate, ati mtu huyu ni muungwana, atakuja mwenyewe."

Msomaji, hilo ndilo lililonimaliza.

Nikaweka fedha mbele yake, na wanawe wakaitwa wakashuhudia, zikagawanywa kwa mafungu yao. Kisha nikaomba halali. Akakaa kimya kidogo, vidole vyake vikiendelea na ukili. Akasema, "Deni tumelipokea, na mimi langu nimekusamehe. La marehemu liko kwake na Mola wake. Muombee." Akaita mtoto alete kahawa na tende, nikanywa.

Na mimi namuombea, kila baada ya sala. Nilimpigia simu mwanangu nikamweleza. Akasema Alhamdulillahi, kisha akaniuliza habari za mamake na za mvua, kama mtu aliyeutua mzigo asitake hata kuutazama tena.

Basi ndugu yangu, na wewe dada yangu uliye jikoni ukisoma ukurasa huu, watoto wetu wengi sasa wako nchi za mbali, nasi huwauliza kila siku: mwala nini? Ni swali zuri, tusiliache. Wafunzeni watoto wenu kuuliza kwa uso mkunjufu, na kuyaepuka yaliyo haramu bila ya kuwadharau wanaoyala. Lakini kabla hujapiga simu, fungua daftari lako. Tazama ukurasa ule usiopenda kuufungua. Huenda kuna jina la hamali, au la mtumishi uliyemkata mshahara, au la ndugu uliyekalia urithi wake. Mwenye jina hilo huenda yuko hai na njia ya kumfikia ni nauli ya basi tu. Mimi nimepita Jeonju, Busan, Gangneung na Andong ndipo nikafika mlango ambao ulikuwa karibu na kwangu miaka yote.

Mwenyezi Mungu aturuzuku halali, atutosheze nayo, na asituondoe duniani ila tumekwisha kuwarudishia watu haki zao. Amin.